Mtoto akisema "haya", amekubali?

Barua za mwezi huu karibu zote zimezunguka jambo moja: falsafa ya maadili na haki za watoto, kazi ya wanaoifundisha, na mahali inapogusa nyumba, shule na hospitali zetu hapa Mombasa. Baadhi tumezifupisha. Majina tumeyaacha, mitaa tumeibakisha.

Swali: Binti yangu amemaliza kidato cha nne, amepata B. Nilitarajia aseme sheria au uuguzi. Yeye anataka falsafa, na anasema mwisho wake awe profesa wa maadili na haki za watoto. Nimemwambia jirani, akacheka. Hiyo ni kazi kweli? Itamchukua miaka mingapi? – *Mama, Likoni*

Jibu: Ni kazi, mama, na ina mshahara. Ila kama jirani alicheka kwa kuhesabu miaka, hakukosea sana. Shahada ya kwanza ni miaka 4. Uzamili, yaani shahada ya pili, ni miaka 2. Uzamivu, ile shahada ya udaktari wa falsafa, kwenye karatasi ni miaka 3, na wengi huipita. Kwa hiyo msichana wa miaka 18 akienda bila kusimama atakuwa na miaka 27 hivi siku atakayoitwa daktari, na hapo ndipo ngazi inaanza: mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, kisha profesa kamili. Kuingia chuo kikuu kunataka angalau C+, kwa hiyo B yake haina wasiwasi. Falsafa inafundishwa Nairobi, Kenyatta, Moi na kwingineko.

Kupanda ngazi hapa Kenya hakufuati umri. Vigezo vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vinahesabu machapisho kwa alama. Kufika mhadhiri mwandamizi zinatakiwa alama 32 alizopata akiwa mhadhiri, profesa mshiriki 48, profesa kamili 60, na kila safari sehemu kubwa ya alama hizo lazima itoke kwenye majarida ambayo andiko husomwa kwanza na wataalamu wengine kabla halijakubaliwa. Juu ya hizo anatakiwa awe amesimamia wanafunzi wa uzamili na uzamivu mpaka wakahitimu. Mwanafunzi aliyekwama miaka sita humkwamisha na mwalimu wake.

Wanapoharibikiwa vijana ni hapa. Kwanza, jarida linalomwandikia mtu barua pepe likimsifu na kumwahidi kuchapisha ndani ya wiki mbili akilipa. Jarida la kweli huchukua miezi, hurudisha andiko likiwa limejaa wino mwekundu, na mara nyingi hukataa. Kamati ya kupandisha vyeo ikiligundua lile la kununua, alama zinafutwa na jina linabaki na doa. Pili, kuandika watu wengi pamoja bila kusoma kanuni ya chuo inasemaje kuhusu kugawana alama. Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi katika falsafa, kuchagua mada pana kama bahari. "Haki za watoto Afrika" hiyo si tasnifu. "Je, ruhusa ya mzazi inatosha mtoto wa miaka 12 akikataa kushiriki utafiti wa chanjo?" hiyo ni tasnifu.

Mfano huo ndio kazi yenyewe. Falsafa ya maadili ya jumla huuliza jema ni nini. Maadili tumizi huanza na kisa: mtoto huyu, daktari huyu, uamuzi wa leo saa nane. Mwanafalsafa hukipasua kisa hicho aone ni sababu zipi zina uzito, zipi ni mazoea yaliyovaa kanzu ya hoja, na uamuzi huo ukifanywa kanuni utamwumiza nani kesho. Wiki yake hugawika kati ya kufundisha, kuandika na kukaa kwenye kamati: za maadili ya utafiti, za hospitali, za sera. Mtu asiyependa kusoma kurasa 60 za pendekezo la mtu mwingine akitafuta sentensi moja yenye hatari, ataichoka mapema.

Ushauri wetu: asichukue falsafa peke yake. Aiambatanishe na sheria, elimu, afya ya jamii au ustawi wa jamii. Akipata nafasi ya uhadhiri, vizuri. Akiikosa, na nafasi hizo ni chache, ataajirika kwingine.

Swali: Nasoma sayansi ya jamii. Nataka kuhoji watoto 30 wa miaka 9 hadi 15 wanaouza mabuyu, karanga na maji pale kwenye feri ya Likoni. Niliandika kwamba nitachukua ridhaa ya mtoto mwenyewe kwa sababu wazazi hawapo pale. Kamati ya maadili imenirudishia kazi mara mbili, inasema "haitoshi". Nifanye nini? – *Mwanafunzi, Tudor*

Jibu: Kamati ingekuambia pia ni kipi kinachotosha. Tutajaribu sisi.

Kwa sheria ya Kenya, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na ridhaa yake peke yake haibebi utafiti. Unahitaji vitu viwili: ruhusa ya mzazi au mlezi, na ukubali wa mtoto mwenyewe. Kimoja hakifuti kingine. Mzazi akikataa, hakuna mahojiano. Mzazi akikubali na mtoto akakataa, hakuna mahojiano vilevile, kwa kuwa utafiti wako hautamtibu wala kumfaidi yeye moja kwa moja.

Kwa nini saini ya mzazi haitoshi? Kumbuka Willowbrook, New York. Kuanzia mwaka 1956 watafiti waliwaambukiza kwa makusudi homa ya ini watoto wenye ulemavu wa akili waliokuwa wakilelewa kwenye taasisi hiyo. Wazazi walitia saini. Lakini ulifika wakati taasisi ikajaa, na mlango uliobaki wazi ulikuwa ule wa wadi ya utafiti. Mzazi aliyelemewa anatia saini chochote. Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979, ambayo kamati nyingi duniani hutumia misingi yake mitatu, yaani kuheshimu mtu, kumtendea mema, na haki katika kugawa mzigo na faida, ilitoka baada ya visa kama hicho kujulikana.

Sasa twende Likoni. Wazazi hawapo kwenye feri, lakini wengi wapo: Likoni yenyewe, Mtongwe, ng'ambo kisiwani. Ila usikimbilie nyumbani kwa mtoto. Huenda mama hajui kwamba mwanawe anauza, au anajua anauza na hajui kwamba siku hizo hakwenda shule. Ziara yako jioni inaweza kumwachia mtoto kipigo. Kwa hiyo mpangilio ni huu: kwanza mwulize mtoto kama anaruhusu uende kwao. Akikubali, uende kwa mzazi ukiongozana na mtu anayejulikana mtaani, mzee wa mtaa au mhudumu wa afya ya jamii. Kisha urudi kwa mtoto, bila mzazi kusikiliza, uombe ukubali wake.

Aliye peke yake, asiye na mzazi wala mlezi, mwombee kamati njia nyingine kwa maandishi: mtu mzima asiye na faida yoyote katika utafiti wala katika biashara ya mtoto, akae naye wakati unaeleza. Asiwe polisi. Asiwe tajiri anayempa ile ndoo ya mabuyu auze. Tajiri hawezi kuwa msemaji wa mtoto anayemfanyia kazi, hata akisema "huyu ni kama mwanangu". Mzungumze mapema na afisa wa watoto wa kaunti ndogo, ajue upo na unafanya nini.

Fomu ziwe mbili. Ya mtoto iwe ukurasa mmoja, herufi kubwa, sentensi fupi, Kiswahili anachozungumza yeye. Usimwachie asome, msomee. Ijaribu kwanza kwa watoto watatu wasiokuwamo katika utafiti. Ukimaliza kueleza, usimwulize "umeelewa?", maana hakuna mtoto atakayekuambia hapana. Mwulize: Nitakuuliza kuhusu nini? Ukichoka utafanyaje? Nani atajua uliyoniambia? Akikosa mawili katika hayo matatu, eleza upya. Akikosa tena, mnunulie mabuyu uende zako.

Halafu kuna neno letu la Pwani lenye kuwapoteza watafiti, hata waliozaliwa hapa. Ukimwambia mtoto aliyelelewa vizuri "naomba tuzungumze", atajibu "haya". Kuna "haya" ya kukubali na kuna haya ya kuona haya, na kwa mtoto mbele ya mtu mzima mwenye kalamu zote mbili hutoka kwa sauti moja. Amefunzwa kwamba mkubwa haambiwi la usoni. Basi mpe njia ya kukataa isiyomtoa adabuni. Mwambie: "Fikiri, kesho saa kumi nitakuwa pale kwenye mti, ukitaka uje." Asiyetaka hatakuja, na hatakuwa amemkatalia mtu. Au mpe kadi yenye rangi mbili, aigeuze nyekundu wakati wowote, na wewe ufunge daftari bila kuuliza kwa nini. Wakati wa mahojiano tazama macho na miguu. Majibu ya neno moja, kutazama foleni ya feri, kuuliza "yamebaki mangapi?", hayo yote ni kadi nyekundu.

Muda usizidi dakika 30. Fidia iwe karibu na kile ambacho angeuza katika muda huo, ijulikane na kamati, na apewe hata akisimama kwenye swali la kwanza. Ukimlipa anayemaliza tu, umemfunga. Ukilipa sana, ndugu zake wote watakuwa na miaka 9. Mkae mahali mnapoonekana lakini hamsikiki.

Usimwahidi siri nzima. Sentensi "sitamwambia mtu yeyote" ndiyo inayovunja tafiti nyingi za watoto, kwa sababu siku akikwambia anapigwa au anaguswa vibaya huwezi kukaa kimya. Sema mapema: "Nikisikia mtu anakuumiza, nitamwambia mtu wa kukusaidia, na wewe nitakuambia kwanza." Andika kwenye pendekezo utampigia nani. Nambari 116 ya msaada kwa watoto ni ya bure nchini kote.

Kuna jambo huenda hukuliona. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 13 kuajiriwa katika shughuli yoyote, na wa miaka 13 hadi 16 huruhusiwa kazi nyepesi tu isiyomdhuru wala kumzuia shule. Mtoto wako wa miaka 9 anayemuuzia tajiri yuko nje ya sheria, na si kosa lake. Ripoti yako ikitaja mahali hasa, saa na bidhaa, inaweza kuleta msako utakaowakumba watoto na kumwacha tajiri. Tumia namba badala ya majina, changanya maelezo ya mahali, na sauti zilizorekodiwa zifutwe kwenye simu siku hiyohiyo baada ya kuhamishiwa kwenye kompyuta yenye nywila.

La mwisho kwako: kwa nini watoto 30? Yale unayoweza kuyapata kwa wazazi, walimu na makondakta, yachukue kwao. Kwa watoto uliza yale wanayoyajua wao tu. Pengine 12 watatosha. Kamati ikipitisha, nenda NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, uchukue leseni ya utafiti, kisha ofisi za kaunti. Usianze hata "majaribio madogo" kabla ya hapo. Data iliyokusanywa kabla ya idhini haitakasiki.

Swali: Mimi ni mzee wa miaka 71. Haki za watoto zimeletwa na Wazungu na zimetuharibia watoto. Zamani mtoto alikuwa wa mtaa mzima, akikosea yeyote alimrudi. Leo ukimgusa unaambiwa haki. Falsafa yenu inasema nini juu ya samaki mkunje angali mbichi? – *Mji wa Kale*

Jibu: Shikamoo mzee. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 una mkono wa Wazungu, hilo kweli. Lakini mwaka 1990 nchi za Afrika ziliandika wa kwao, Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, na humo waliweka jambo lisilokuwamo katika ule wa kwanza: ibara ya 31 inataja wajibu wa mtoto kwa familia yake, kwa wakubwa zake na kwa jamii. Kenya iliuridhia mwaka 2000. Kwa hiyo anayekuambia haki za watoto hazina adabu ndani yake hakusoma mpaka mwisho.

Utashangaa zaidi kujua kwamba mmoja wa wanafalsafa wakubwa wa Uingereza yuko karibu na upande wako kuliko unavyodhani. Onora O'Neill aliandika mwaka 1988 kwamba msingi wa maadili kwa watoto uwe wajibu wa wakubwa, maana mambo anayoyahitaji mtoto zaidi, upole, kuchezewa, kusikilizwa, hakuna mahakama inayoweza kuyadai. Watumwa na wanawake walidai haki wakazipata. Mtoto mchanga hawezi kudai, tiba yake kuu ni kukua. Wapinzani wake walimjibu kwamba wajibu usiokuwa na mwenye kudai husahauliwa haraka, na sisi tuko nao katika hilo. Mtaa mzima ulimlea mtoto, kweli, lakini mtaa mzima pia ulijua nyumba ipi mtoto anaumizwa na ukasema "ya ngoswe mwachie ngoswe".

Ama samaki. Methali inasema mkunje, haisemi mvunje. Na inamchukulia mkunjaji kuwa anajua umbo linalotakiwa. Joel Feinberg, Mmarekani, mwaka 1980 alieleza haki za namna ya akiba: mtoto hawezi kuzitumia leo, lakini ukizivunja leo atakapokuwa mtu mzima atakuta hazipo. Kumwoza wa miaka 14, kumtoa darasa la tano akavue samaki, ni kumkunja mpaka asikunjuke. Kumfunza salamu, sala na kazi za nyumbani humwacha na njia zake zote.

Kiboko je? Shuleni kilipigwa marufuku mwaka 2001, Katiba ya 2010 ibara ya 29 ikakataza adhabu ya viboko kwa kila mtu, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kifungu cha 36 inamtoza anayempiga mwanafunzi faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi miezi 6, au vyote viwili. Ustadhi wa madrasa naye yumo chini ya Katiba hiyohiyo.

Swali: Mwalimu wetu alisema haki huenda sambamba na wajibu. Mtoto mchanga hana wajibu wowote. Basi ana haki vipi? – *Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Changamwe*

Jibu: Umeuliza swali lililowafanya watu maprofesa. Kuna kambi mbili. Ya kwanza, ambayo H. L. A. Hart, mwanafalsafa wa sheria wa Uingereza, ndiye jina lake kubwa, husema mwenye haki ni yule mwenye uwezo wa kuamua: kudai au kusamehe. Anayekudai shilingi mia anaweza kukusamehe. Kambi ya pili husema haki hulinda maslahi muhimu ya mtu, awe anaweza kudai au la. Neil MacCormick, mwanafalsafa wa sheria wa Uskoti, mwaka 1976 aliwatumia watoto kama jiwe la kupimia dhahabu: sote tunakiri kwamba mchanga ana haki ya kulishwa na kutunzwa, nadharia ya uamuzi haiwezi kumpa haki hiyo, basi nadharia hiyo ina kasoro. Wa kambi ya Hart wamejibu kwamba mzazi humshikia mtoto uamuzi huo kama amana, lakini amana hiyo mbona mzazi mwenyewe hawezi kuisamehe? Hakuna baba anayeweza kusema "nimemsamehe mama yake, asimlishe mwanangu".

Mwalimu wako yuko sahihi kwa namna nyingine: haki ya mmoja ni wajibu wa mwingine. Haki ya mchanga, wajibu wa wazazi. Katiba yetu ibara ya 53 imeusema hata wa baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au la.

Afrika mjadala huu una ladha yake. Ifeanyi Menkiti wa Nijeria aliandika mwaka 1984 kwamba utu hupatikana pole pole ndani ya jamii, na kwamba mtoto bado hajaufikia. Kwame Gyekye wa Ghana akampinga: mtoto ni mtu tangu mwanzo, kinachokua ni tabia. Sisi tulio na neno "utu" tunajua linabeba mambo yote mawili, na ndiyo maana Mswahili humwambia mtu mzima "huna utu" bila kudai kwamba si binadamu. Ukifika chuo kikuu, andika juu ya hilo.

Swali: Kituo chetu cha chekechea huweka picha za watoto kwenye Facebook kuvutia wazazi wapya. Kuna ubaya? – *Mwalimu, Bamburi*

Jibu: Upo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi au mlezi, na hata idhini ikiwepo matumizi yenyewe yawe kwa maslahi ya mtoto. Kuvutia wateja ni maslahi ya kituo. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kosa hilo. Fomu ya idhini iwe karatasi yake, isifichwe ndani ya fomu ya kujiunga, na mzazi akikataa mtoto asitengwe wakati wa kupiga picha. Pigeni mikono yenye rangi, migongo, michoro ukutani.

Swali: Nauguza wadi ya watoto. Msichana wa miaka 15 ana kidole tumbo, anakataa upasuaji. Mama ameshasaini. Daktari anasema saini ipo, twende. Kuna haja ya falsafa hapo? – *Muuguzi, Kisauni*

Jibu: Ipo ya dakika kumi, na dakika kumi mnazo wakati chumba kinatayarishwa. Saini ya mama inatosha kisheria. Lakini kukataa kwa msichana ni habari, nanyi hamjaisoma. Mtoe mama nje kwa upole, mwulize anaogopa nini hasa. Mara nyingi ni kutoamka kwenye dawa ya usingizi, au kovu, au bili itakayomwelemea mama. Mara nyingine ni ujauzito anaoogopa vipimo vitauonyesha. Kila moja ya hizo ina jibu lake, na hii ya mwisho inabadilisha hata matibabu.

Kisha mpime uwezo wa kuamua kwa mambo manne: anaelewa ugonjwa na upasuaji, anaamini kwamba unamhusu yeye, anaweza kulinganisha faida na hasara, anaweza kueleza uamuzi wake. Wanafalsafa wa tiba huongeza kwamba kadiri kukataa kunavyohatarisha maisha ndivyo kipimo hicho kinavyopaswa kuwa kikali. Kidole tumbo kikipasuka kinaweza kuua, kwa hiyo hapa mtaendelea hata akikataa. Ingekuwa ni kuondoa kidole cha sita mkononi, kukataa kwake kungetosha kusubiri miaka mitatu.

Wengine watakutajia kesi ya Gillick ya Uingereza, mwaka 1985, iliyosema aliye chini ya miaka 16 mwenye uelewa wa kutosha anaweza kuridhia matibabu mwenyewe. Kumbuka mambo mawili. Si sheria ya Kenya. Na mahakama za huko zenyewe, miaka ya 1990 mwanzoni, zilisema kukataa hakuna nguvu sawa na kukubali. Hapa kwetu mfano wa mtoto kuridhia mwenyewe upo kwenye sheria ya HIV na UKIMWI ya mwaka 2006: aliye mjamzito, aliyeolewa, aliye mzazi, au aliye katika mwenendo unaomweka hatarini anaweza kukubali kupimwa bila mzazi.

Kinachokatazwa kabisa ni kumwambia "ni sindano tu" kisha aamke na nyuzi tumboni. Mwambie ukweli, mwambie kwamba safari hii uamuzi si wake peke yake na kwa nini, halafu mwachie yale anayoweza kuamua: mama amsindikize mpaka wapi, nani amshike mkono, aelezwe matokeo mbele ya nani.

Swali: Sina karo. Naweza kuanza kujisomea wapi? – *Kijana, Kongowea*

Jibu: Anza na ibara ya 53 ya Katiba, haizidi ukurasa. Kisha Sheria ya Watoto ya 2022, hasa sehemu ya maslahi ya mtoto. Kisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ibara 54, uzisome za 3, 12, 28 na 32 kwa makini. Kamusi elezo ya falsafa ya Chuo Kikuu cha Stanford ni ya bure mtandaoni na ina makala ndefu juu ya haki za watoto. Ni Kiingereza kigumu, soma aya tano kwa siku. Baada ya hapo chukua kisa kimoja ulichokiona sokoni, andika ukurasa mmoja: nani ana maslahi gani, nani anasema kwa niaba ya nani, na nani hajaulizwa. Mpe mtu anayekupinga ausome, uandike tena.